Spika Iliyoungua

Kabla bendi ya kwanza haijamaliza wimbo wake wa kwanza, Sajini Euphrasia Apeduno alikuwa ameshajua kwamba yeye na wakubwa wake walikuwa wamefanya kosa. Walifikiria mageti. Walifikiria vichaka vya nyuma ya uwanja, na njia ya panya inayoshuka hadi mtoni, na magari yenye namba za ng'ambo. Kelele hawakuzifikiria hata kidogo.

Na zilikuwa kelele, jamani! Malaba ilizoea rumba ya baa na nyimbo za kanisani. Hawa vijana wa Nakuru waliojiita Nyundo walikuja na magitaa ya umeme yanayokwaruza, ngoma za kupigwa kwa miguu na mikono, na spika ndefu kuliko mtu zilizopangwa kila upande wa jukwaa. Watu wa mji waliuita muziki wa vyuma, na hakuna aliyetafuta jina jingine. Mlio ulikuingia kwa nyayo, ukapanda magotini, ukakaa tumboni. Mwanamke aliyesimama mbele ya Apeduno alimgeukia mwenzake akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na Apeduno hakusikia hata neno moja.

Hapo ndipo alipoiona hatari. Mtu angeweza kukamatwa katikati ya uwanja huu, akapiga mayowe kwa nguvu zake zote, na jirani yake aendelee kucheza tu.

Mwaka huo wa sabini na saba, watu walikuwa wanapotea upande huu wa mpaka. Tangu Pasaka walikuwa wameondoka watatu, wote wakimbizi kutoka ng'ambo. Mmoja alikuwa mwalimu, akachukuliwa kwenye kiti cha kinyozi sokoni mchana kweupe, povu la sabuni bado liko kidevuni. Kinyozi alipoulizwa alisema alikuwa amegeuka kunoa wembe. Tangu siku hiyo alinyoa watu akiwa ameegemeza mgongo ukutani.

Sasa kulikuwa na Owori. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya kambi moja ya jeshi huko ng'ambo, na siku ya sherehe fulani aliona watu wakipakiwa kwenye lori nyuma ya jukwaa. Aliwajua kwa majina. Waliokuwa wakiwapakia aliwajua pia. Alivuka mto na nguo za mwilini na gitaa lake, akajiunga na bendi ya Bungoma iitwayo Radi. Jumatatu gari lingetoka Nairobi kuja kumchukua, akayataje majina yale mbele ya watu wa kuyasikia. Leo ilikuwa Jumamosi, na kazi ya Apeduno ilikuwa moja: Jumatatu ifike Owori akiwa hai, upande huu wa daraja.

Inspekta Mutua alikuwa amemkataza Owori asipige leo. Owori akajibu kwamba asipopiga hatataja jina hata la mbwa. Mutua akasonya, akampa Apeduno konstebo mmoja, Kiprono, na kikapu cha njugu.

Basi pale Apeduno alikuwa mama wa njugu, leso kiunoni, kikapu mkononi, vikaratasi vya njugu juu na pingu chini. Alisukumana na watu mpaka nyuma ya jukwaa, ambako mlio ulipungua kidogo na mtu aliweza kuongea akikaribia sikio la mwenziwe.

Owori alikuwa ameketi juu ya ngoma iliyolazwa, anakaza nyuzi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele za kuchana juu, na meno yake hayakuwahi kupumzika kwa kucheka.

"Dada wa njugu, leo umenuna."

"Kaa mahali naweza kukuona."

"Nitakuwa jukwaani. Watu wote hawa wananiona. Nani atanichukua hapo?"

"Na ukishuka?"

"Nikishuka niko na wewe."

"Ukienda choo, Kiprono anaenda na wewe."

Owori akaangua kicheko. "Hata mke wangu hanifuati hivyo!"

"Mke wako yuko wapi?"

"Nabwire? Yuko kijijini kwa mama yangu, nyuma ya Tororo huko. Hakuna anayekijua hicho kijiji. Nabwire yuko salama, dada. Mimi ndiye wananitaka."

Macho ya Apeduno yalikuwa kwenye lori lililosimama kando. Alikuwa anaangalia wabebaji wakiteremsha vyombo vya bendi ya mwisho, Mizinga kutoka Nairobi, ambao walikuwa na ruhusa ya kuvuka jioni ile ile ili kesho wapige Tororo. Spika zao zilikuwa nzito kweli. Kila moja ilishikwa na wanaume wanne waliokuwa wakitukanana njia nzima. Mwanamume mmoja mrefu, shati la kaki, alishuka na yake peke yake begani. Watu wakamshangilia kwa nguvu zake. Apeduno naye alimwona, akamsifu moyoni, akageuka kutafuta watu wabaya.

Na watu wabaya, kila mtu wa Malaba alijua sura yao. Miwani myeusi. Shati la maua. Viatu vya raizoni vyenye soli kama matofali. Ndivyo walivyovaa wale waliotumwa na serikali ya ng'ambo, na walivaa hivyo makusudi, ili uwaone na uogope mapema.

Jua lilipokuwa la utosi, akampata mmoja.

Alisimama karibu na spika za kushoto, peke yake, miwani myeusi usoni, koti limefungwa vifungo vyote katika jua lile. Hakucheza. Hakutikisa hata kichwa. Kila wimbo ulipoanza alitia mkono ndani ya koti, upande wa kwapa, na kila ulipoisha akautia tena. Chini ya kwapa hilo palikuwa pamevimba.

Apeduno alimwangalia nyimbo tatu nzima. Kisha akampa ishara Konstebo Kiprono, aliyekuwa amevaa suruali ya bugaluu ya kuazima inayofagia nyasi. Wakamfuata yule mtu alipotoka kwenda vyoo vya mabati, wakamkuta akijifuta jasho.

"Mikono juu ya bati," Apeduno alisema.

"Mama njugu, ni nini?"

"Polisi. Mikono!"

Kiprono alimkandamiza ukutani, akafungua koti kwa vidole viwili, kwa uangalifu wa mtu anayetoa yai chini ya kuku mkali. Alichotoa kilikuwa kimefungwa taulo. Akalifungua. Ilikuwa mashine ndogo ya kaseti, na waya uliopita ndani ya mkono wa koti hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Hii ni nini?"

"Afande, nisamehe. Naitwa Kariuki. Narekodi tu. Naenda kuuza kanda Nakuru." Yule mtu alianza kulia hapo hapo, machozi yakichuruzika chini ya miwani myeusi. "Haki ya Mungu sijaua mtu."

Kiprono akacheka mpaka akashika bati. Apeduno naye akatamani kucheka. Halafu akili ikamrudia.

"Kiprono. Nani anamwangalia Owori?"

Kicheko cha Kiprono kikakatika.

Walikimbia. Apeduno alipita katikati ya watu akiwakanyaga vidole, njugu zikimwagika, akitukanwa kwa lugha tano. Alipotokea mbele ya jukwaa, Radi walikuwa wameshapanda na Owori alikuwa pale katikati, mzima, gitaa kifuani. Apeduno alimshukuru Mungu kwa sauti, na kwa kuwa hakuna aliyesikia akamshukuru tena.

Shingoni mwa gitaa Owori alikuwa amefunga kitambaa cha kichwa cha mwanamke, chekundu chenye maua meupe. Wasichana wa mbele walipokiona wakapiga vigelegele. Kisha akapiga, na hata Apeduno, ambaye muziki ule ulimuumiza meno, alisimama akatulia. Alipiga akiwa amefumba macho, bila kucheka hata mara moja, akarudia wimbo wa mwisho mara tatu kama asiyetaka kushuka. Apeduno aliona yote hayo. Akadhani ndiyo madoido ya muziki wenyewe.

Baada ya Radi kushuka, wanamuziki walikusanyika chini ya turubai nyuma ya jukwaa, ambako mama mmoja wa Amagoro aitwaye Anyait alikuwa ameweka chungu cha ajono, pombe ya wimbi ya Wateso, na maji ya moto ya kuongezea. Mirija mirefu ilitoka chunguni kwenda huku na huku, na watu wameketi duara, kila mmoja na mrija wake. Apeduno, Mteso wa kuzaliwa, aliyajua mambo hayo tangu utotoni. Aliketi karibu na Anyait, akaanza kufunga njugu upya.

Owori alikuwa ameketi pembeni. Hakunywa.

"Nani amekupa kitambaa?"

"Shabiki."

"Shabiki gani?"

"Dada, mashabiki ni wengi." Aliongea akiangalia chungu. Mikono yake ilikuwa inaviringisha ncha ya kile kitambaa, inaviringua, inaviringisha tena.

Ng'ambo ya chungu aliketi yule mbebaji mrefu wa shati la kaki. Alikuwa anamtazama Owori. Alipoona Apeduno anamwona, akatabasamu, akamsalimia kwa Kiteso safi.

"Wewe ni wa wapi?" Apeduno akamuuliza kwa lugha hiyo hiyo.

"Wa hapa hapa Amagoro, dada. Naitwa Okisai. Nabebea hawa Mizinga vyombo."

"Una nguvu. Nilikuona asubuhi."

"Ni kazi." Akainama akavuta kinywaji chake taratibu.

Apeduno akaendelea kufunga njugu, na kitu kikawa kinamkera. Alikitafuta usoni mwa yule mtu asikipate. Alikitafuta kwenye lugha yake, haikuwa na kasoro. Kumbe kilikuwa mkononi. Okisai alikuwa ameshika mrija kwa mkono wa kushoto.

Anyait naye alikuwa ameona. Uso wa mama yule ulikuwa umekunjamana kama amenusa uvundo. Mtoto wa Kiteso anayeshika mrija kwa kushoto hupigwa kofi na wa kwanza aliye karibu, awe mjomba au mgeni, maana kwenye chungu mkono huo ni wa mwenye nia mbaya, ni mkono wa mchawi. Hata walevi walioshindwa kusimama hushika kwa kulia. Hata mwenye mashoto hujifunza.

"Labda hajui," Anyait alimnong'oneza Apeduno. "Lakini Mteso asiyejua hilo alilelewa na nani?"

"Labda ni mwenye mashoto tu, mama."

"Mashoto gani? Nimemwona akikata kamba pale. Amekata kwa kulia."

Apeduno akautafuta huo mkono wa kulia. Ulikuwa umelala pajani, kiganja wazi, karibu na pindo la shati. Okisai alipokohoa haukuinuka kuziba mdomo. Nzi alipomtua shavuni, akamfukuza kwa bega. Alikuwa mtu aliyefundishwa kwa miaka mingi kuuacha mkono huo bila kazi, uwe tayari kwa bastola, na sasa ulikuwa unabaki bila kazi hata mahali ambapo ulimletea aibu.

Huyu ndiye aliyetumwa. Miwani myeusi ilikuwa chambo cha kuwatazamisha wajinga pembeni, na yeye alikuwa ametazama pembeni nusu ya siku. Hakuwa na bunduki; wakati ule polisi wa kike hawakupewa. Alikuwa na pingu, na Kiprono, na njugu.

"Kiprono," alisema alipomvuta kando, "simama na Owori. Usimwachie hata kwa kupepesa kope. Yule wa shati la kaki akimkaribia, piga filimbi."

"Filimbi itasikika, Sajini?"

Apeduno akamsukuma kuelekea kwa Owori. Mizinga walikuwa wameanza.

Kama Nyundo walikuwa kelele, Mizinga walikuwa adhabu. Apeduno alizunguka mbele kwenda kumtafuta Wesonga, mwenye baa aliyeandaa tamasha lile, amuulize Okisai aliletwa na nani. Alimkuta karibu na jukwaa, vidole masikioni, uso umejaa furaha. Na akiwa hapo anangoja wimbo upungue, macho yake yalipita juu ya spika.

Juu ya kila spika wapiga vyombo walikuwa wameweka chupa zao za soda. Chupa zilikuwa zinacheza. Zilitetemeka, zikatembea kuelekea ukingoni, zikaanguka, na vumbi la juu ya masanduku likarukaruka. Kitambaa cha mbele cha kila spika kilivimba na kunywea. Lakini ile ya mwisho, iliyowekwa nyuma kabisa upande wa lori, ilikuwa na chupa iliyosimama wima na soda yake nusu, na soda haikutikisika.

Wimbo ulipungua. Apeduno akamdaka Wesonga sikio.

"Mzee, ile spika ya mwisho mbona haifanyi kazi?"

"Hiyo? Imeungua, mama. Okisai amesema. Anaipeleka ng'ambo kwa fundi."

"Fundi wa wapi?"

"Tororo, si wanaenda huko?"

Wesonga akarudi kwenye furaha yake. Apeduno aliyarudia maneno hayo moyoni. Fundi, Tororo! Mwaka huu? Watu wa ng'ambo walikuwa wanavuka kila asubuhi kuja kutafuta chumvi. Walivuka kutafuta sabuni, kiberiti, uzi wa kushonea. Mwenye redio iliyokufa kule aliibeba kichwani akaileta huku, maana kule hata risasi ya kuchomea waya haikuwepo. Mtu wa Malaba asingeweza kusema uongo huo; angejicheka mwenyewe kabla hajaumaliza. Huo ulikuwa uongo wa mtu anayekaa mahali ambapo bidhaa hazipungui, na kule ng'ambo mahali hapo palikuwa kwenye kambi za jeshi tu.

Na spika iliyobebwa asubuhi na mtu mmoja haikuwa imeungua. Ilikuwa tupu.

Alipogeuka, spika ilikuwa imeshaondoka mahali pake. Chupa ilikuwa chini.

Alikimbia hadi kwenye turubai, kikapu kikimning'inia kiwikoni. Kiprono alikuwa amesimama pale pale alipoachwa, wima kama askari wa gwaride, amekumbatia gitaa.

"Owori yuko wapi?"

"Yuko pale nyuma ya pazia, Sajini, anabadilisha shati! Amesema nimshikie gitaa!"

Apeduno aliliangalia gitaa. Mtu yule alivuka mto nalo limeinuliwa juu ya kichwa, na wiki mbili hizi hakuwa amemwachia mtu hata aliguse. Shingoni kwake hapakuwa na kitambaa tena. Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu.

Huko chini, lori la Mizinga lilikuwa limegeuzwa mdomo kuelekea darajani, injini inaunguruma. Spika nyingine zilikuwa bado jukwaani zinapiga. Iliyoungua ilikuwa inapelekwa kwanza, na sasa ilikuwa imeshikwa na wanaume wanne. Walikuwa wamepinda migongo. Okisai alitembea kando yao, mkono wa kulia chini ya pindo la shati.

"Simama!" Apeduno alipiga kelele. "Polisi! Simameni!"

Hakujisikia mwenyewe. Kiprono alikuwa hatua moja kutoka kwake anapuliza filimbi, mashavu yamevimba, na filimbi ilikuwa haina sauti. Watu mia kadhaa walikuwa kati yao na lori, wote mikono juu, wote wanaruka. Angewafikia lini? Akaangalia huku na huku, akaona waya mnene mweusi unaotambaa kwenye nyasi kutoka jukwaani, akaufuata mbio hadi kwenye jenereta, akaushika kwa mikono miwili na leso, akavuta.

Kimya kilichofuata kiliumiza masikio. Mpiga ngoma aliendelea kidogo peke yake, naye akanyamaza. Kisha uwanja mzima ukaanza kuzomea.

"Wewe mama, una wazimu?"

"Washa! Washa!"

Apeduno alitembea katikati yao. Wale wanne walikuwa wametua sanduku nyuma ya lori, wanamwangalia. Alipofika akainua kitambulisho juu, na zomeazomea ikapungua. Alitega sikio. Alitegemea kusikia mtu anagonga, anakuna mbao, anaguna kwa kitambaa mdomoni. Hapakuwa na sauti yoyote ndani ya sanduku lile.

"Dada," Okisai alisema kwa upole, "umeharibu muziki wa watu."

"Fungua."

"Imeungua. Itakuchafua."

"Kiprono, fungua."

Okisai hakusogea. Macho yake yalipima umati, yakapima daraja, yakapima kichwa cha Kiprono. Watu walikuwa wamesongamana pande zote, na kwenye kimya kile mlio wa risasi ungewaangusha wote juu yake. Akarudi nyuma hatua moja. Kiprono alichomoa pini mbili na ubao wa nyuma ukatoka.

Owori alikuwa ndani, magoti kifuani. Hakuwa amefungwa kamba. Hakuwa na kitu mdomoni. Alikuwa mzima, macho wazi, kitambaa chekundu amekiviringisha kwenye ngumi. Alimwangalia Apeduno, akanyoosha mkono, akaushika ubao na kuanza kuuvuta.

"Funga, dada," alinong'ona. "Nakuomba. Funga."

Apeduno alipiga magoti, uso wake ukaziba uwazi wa sanduku. "Nani amekuweka humu?"

"Nimeingia mwenyewe. Wanaye Nabwire. Hiki ni cha kichwa chake, nilimnunulia mimi." Machozi yalikuwa yanamtoka bila kwikwi. "Walimpata jana. Wamesema nisipofika leo kabla mpaka haujafungwa, hawatangoja kesho. Funga, dada. Jua linaenda."

Sajini alijua kinachowangoja wote wawili upande ule. Owori akifika, wangebaki na Nabwire wa kazi gani? Wasingemwachia mwanamke aliyeona nyuso zao. Alikuwa hai kwa sababu moja tu, kwamba Owori alikuwa hajafika. Lakini Owori akikataa, akionekana amechagua shingo yake, basi hata hiyo sababu ingekwisha leo leo. Akimshika Okisai, nani angekwenda kuwaambia wa ng'ambo kwamba Owori alikuja kweli, alikuwa ndani ya sanduku, alikuwa njiani?

Apeduno alizamisha mkono ndani ya kikapu, chini ya njugu.

"Nisamehe," alimwambia Owori. Kisha akasimama akapaza sauti mpaka watu wa mwisho uwanjani wakasikia. "Ala! Kumbe ni mwizi wa mpaka! Unajificha kwenye vyombo vya watu uvuke bila karatasi? Nakukamata!"

Akamvuta kwa shati, akamtoa, akamtia pingu mbele ya kila mtu. Umati ukaangua kicheko. Owori alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake.

"Na wewe," Apeduno alimgeukia Okisai, "umebebeshwa mtu bila kujua. Mjinga wee! Peleka lori uvuke kabla hawajafunga. Sanduku linabaki na vyombo vingine vinabaki. Mizinga nao hawaendi mahali leo."

"Sajini!" Kiprono alishtuka. "Lakini huyu ndiye..."

"Nyamaza, Kiprono!"

Okisai alimtazama. Alijua kwamba Apeduno anajua. Apeduno aliliona hilo. Lakini mtu yule naye alikuwa na bosi wa kumjibu, na sasa alikuwa amepewa jibu la kupeleka: mzigo ulikuja, polisi wa Kenya wameuzuia. Aliinamisha kichwa kidogo. Akapanda mbele ya lori, na lori likaanza kuteremka polepole kuelekea darajani, madirisha wazi kwa ajili ya joto.

Hapo Owori akaelewa ni jibu gani lilikuwa linapelekwa ng'ambo. Apeduno aliisikia ile akili ikipita kwenye mikono aliyoishika. Ilikakamaa, kisha ikaanza kumvuta kwa nguvu.

"Niachilieni!" Owori alilia. "Niachilieni nivuke! Mimi nilikuwa nakuja! Niacheni niende kwetu!"

Watu walicheka, wakidhani ni pombe. Mmoja akaanza kukokota waya kuelekea jenereta. "Basi washeni muziki," alisema, "huyu mlevi atatuchosha."

"Mtu asiiguse!" Apeduno alipaza sauti. "Kiprono, kaa juu ya hiyo jenereta. Isiwashwe mpaka niseme."

Lori lilikuwa limefika kizuizini. Mlinzi alilizunguka akiangalia magurudumu. Okisai alikuwa ametoa kichwa dirishani, ameelekeza sikio uwanjani.

Owori alinyamaza kuvuta pumzi. Machozi na jasho vilikuwa vimemjaa kidevuni, na sauti ilikuwa imeanza kumkauka.

"Piga kelele," Apeduno alimwambia sikioni, akimkumbatia kwa nyuma ili asianguke. "Piga zaidi. Bado anasikia."